Mguu wa Mpira: Fundi na Daktari wa Jaipur Waliowarudisha Watu Shambani
Mtu akatwapo mguu, majirani huja kumpa pole na ndugu huchanga fedha za hospitali. Baada ya mwezi mmoja au miwili wageni hupungua. Kidonda kimekwisha funga, na mwenyewe ameketi mbele ya nyumba yake akilitazama shamba ambalo hawezi kulifikia. Akitaka maji ya kunywa, humwita mtoto. Akitaka kwenda chooni, hungoja mtu wa kumshika mkono. Ng'ombe akivunja ua, yeye hupiga kelele tu. Watu wa nyumbani wampenda, wala hapana amfanyiaye ubaya. Lakini shauri la mbegu na shauri la kuuza mavuno sasa huamuliwa na wengine, kwa sababu mwenye shamba hawezi kwenda kuona kwa macho yake. Huo ndio msiba wa pili, na mara nyingi huuma kuliko ule wa kwanza.

Habari ifuatayo yahusu msiba huo wa pili, na jinsi watu wawili wa mji wa Jaipur, katika nchi ya India, walivyoutafutia dawa. Mmoja alikuwa daktari mpasuaji mwenye vyeti vikubwa. Wa pili alikuwa fundi ambaye hakukaa shuleni miaka mingi. Dawa waliyoipata ilikuwa mguu uliotengenezwa kwa mpira, kipande cha mti na nyuzi za tairi. Mkulima na karani wa Kenya wana sababu ya kuijua habari hii, kwa maana mambo yaliyowasumbua watu wa Jaipur yafanana sana na yale yanayowasumbua watu wa huku.

MIGUU ILIYOTUPWA PEMBENI

Jaipur ni mji mkuu wa jimbo la Rajasthan, upande wa kaskazini-magharibi wa India. Ni nchi ya jua kali na mvua haba, na watu wake wengi ni wakulima na wafugaji. Katika mji huo imo hospitali kubwa iitwayo Sawai Man Singh, na katika miaka ya 1960 alikuwamo humo mpasuaji wa mifupa aitwaye Daktari Pramod Karan Sethi, ambaye alikuwa amepata cheti cha upasuaji katika mji wa Edinburgh.

Kazi yake mojawapo ilikuwa kuwapa miguu ya bandia watu waliokatwa miguu yao. Miguu hiyo ilitengenezwa kwa kufuata mifano ya Ulaya na Marekani, nayo ilikuwa kazi safi. Mgonjwa alipimwa, akafungwa mguu, akafundishwa kutembea, akaenda zake kijijini. Lakini baada ya muda daktari aliwaona watu wale wale wakirudi hospitali kwa magongo. Alipowauliza mguu u wapi, aliambiwa kwamba umewekwa pembeni nyumbani.

Ingalikuwa rahisi kusema kwamba watu hao ni wajinga wasiojua faida ya kitu kizuri. Viongozi wengi wamepata kusema hivyo juu ya watu wa mashamba walipokataa jembe jipya au mbegu mpya. Daktari Sethi hakufanya haraka ya kuwalaumu. Aliangalia jinsi wanavyoishi, na hapo ndipo alipoona kwamba kosa halikuwa la wagonjwa, bali lilikuwa la mguu.

Unyayo wa bandia uliokuwa ukitumika sana wakati huo ulibuniwa Marekani katika miaka ya 1950. Ndani yake mna kipande kigumu cha mti, na kisigino chake ni laini ili kipokee uzito wa mtu akanyagapo. Haukunjiki kwenye kifundo, nao hutakiwa uvikwe kiatu. Kwa karani wa London, aketiye kitini mchana kutwa, atembeaye juu ya barabara ya lami na kupanda basi jioni, unyayo huo wafaa sana, na watu wengi ulimwenguni wameutumia kwa furaha.

Lakini mkulima wa Rajasthan haketi kitini. Hula akiwa amekaa chini na miguu ameikunja mbele yake. Huchuchumaa anapokwenda haja, na huchuchumaa pia anapopalilia au anapozungumza na jirani. Hutembea peku katika shamba lililomwagiwa maji, juu ya matuta na mawe. Aingiapo jikoni au mahali pa ibada huvua viatu mlangoni. Mtu huyo akivishwa unyayo usiokunjika, hawezi kukaa na wenzake wakati wa chakula. Maji yakiingia ndani ya kiatu, mti huoza na sifongo ya kisigino huharibika. Na kiatu chenyewe ni gharama nyingine kwa mtu ambaye tangu kuzaliwa hakuwa na desturi ya kuvaa viatu. Basi kulikuwa na ajabu gani akiuacha mguu na kuyarudia magongo yake?

FUNDI NA GURUDUMU LA BAISKELI

Katika hospitali hiyo hiyo alikuwapo fundi aitwaye Ram Chander Sharma. Alikuwa mtu wa kuchonga sanamu na kufanya kazi nyingine za mikono, mwenye jicho la kupima kitu kwa kukitazama tu. Watu walimwita kwa heshima jina la Mwalimu, kwa sababu aliwafundisha wagonjwa kazi za mikono ili wapate riziki watakapotoka. Hakujua vitabu vya uganga, lakini kila siku aliwaona watu wakihangaika na miguu yao, na jambo hilo lilimkaa rohoni.

Inasimuliwa kwamba siku moja alipokuwa akienda kazini kwa baiskeli, gurudumu lilitoboka, akaingia katika duka la kuziba magurudumu. Hapo alimwona fundi wa tairi akilirudishia tairi la lori ngozi mpya. Mpira mbichi uliochanganywa na salfa uliwekwa ndani ya kalibu ya chuma, ukapashwa moto, na ulipotolewa ulikuwa umeshikamana, mgumu wa kustahimili barabara, na bado wakunjika. Bwana Sharma akajiuliza moyoni: kama mpira huu waweza kubeba lori lenye mzigo, kwa nini usimbebe mtu?

Akaliwasilisha wazo hilo kwa daktari, kisha akarudi kwa fundi wa tairi akiwa na kalibu ya unyayo wa mtu. Inasimuliwa pia kwamba mwenye karakana alipofahamu kitu hicho kitatumika kwa kazi gani, alikataa kupokea malipo.

Msomaji asidhani kwamba mambo yalitengenea siku hiyo. Unyayo wa kwanza, uliokuwa mpira mtupu kutoka juu hata chini, ulikuwa mzito na haukukunjika vya kutosha. Fundi na daktari, pamoja na madaktari wenzao S. C. Kasliwal na Mahesh Udawat, walijaribu, wakakosea, wakajaribu tena. Unyayo uliofaa ulipatikana mwaka 1968, nao ukaitwa kwa jina la mji wao: Mguu wa Jaipur.

Ukiupasua kwa kisu utaona vipande vitatu ndani yake. Mbele, penye vidole, mna mpira mwepesi wenye matundu madogo kama sifongo. Nyuma, penye kisigino, mna mpira kama huo. Juu, penye kifundo, mna kipande cha mti ambacho hupokea skurubu ya kuungia mguu. Vipande hivyo vitatu hufungwa pamoja kwa nyuzi zile zile zitiwazo ndani ya tairi ili lisipasuke, kisha huvikwa mpira wa rangi ya ngozi, hutiwa katika kalibu, na hupikwa mpaka vyote viwe kitu kimoja. Ukitoka ndani ya kalibu una vidole, una kisigino, na kwa mbali mtu hawezi kuutambua kuwa ni wa bandia.

Wasomaji wa Kenya wanafahamu vema nguvu ya tairi. Viatu vya akala, vikatwavyo katika matairi makuukuu, vimewatembeza wachungaji na wakulima kwa miaka mingi juu ya miiba na mawe makali. Mafundi wa Jaipur walitumia akili ya namna hiyo hiyo, ila wao walikwenda mbali zaidi.

KAZI AMBAZO MGUU HUU HUZIWEZA

Sifa kubwa ya mguu wa Jaipur ni kwamba hauna chuma wala mti mrefu wa kuuzuia usikunjike. Huinama mbele, na kwa hiyo mtu aweza kuchuchumaa. Huinama upande huu na upande huu, na kwa hiyo mtu hukanyaga tuta au jiwe bila ya kuanguka. Hujizungusha kidogo, na kwa hiyo mtu hukaa chini na kukunja miguu yake mbele kama wenzake. Maji hayauharibu. Kiatu hautaki, lakini mwenye kutaka kiatu huvaa.

Wakulima waliofungwa mguu huo walirudi kulima kwa plau nyuma ya maksai, wakaingia katika mashamba ya mpunga yaliyojaa tope, wakapanda miti, wakaendesha baiskeli. Mtu yeyote aliyewaona wakulima wa Mwea wakipandikiza mpunga, wameinama na maji yamewafika kwenye muundi, ataelewa mara moja maana ya mambo hayo.

Mfano uliojulikana zaidi si wa mkulima bali wa mcheza ngoma. Bibi Sudha Chandran alikuwa kijana aliyefundishwa tangu utotoni ngoma ya kale ya India, ambayo mchezaji hupiga nyayo chini kwa nguvu na kwa hesabu. Mwaka 1981 alipata ajali ya barabarani, na mguu wake wa kulia ukakatwa chini ya goti. Alifungwa mguu wa Jaipur, akajifunza upya kusimama, kutembea, na mwisho kucheza. Haikuwa kazi nyepesi. Kigutu chake kilimuuma na mara nyingine kilitoka damu. Lakini mwaka 1984 alipanda tena jukwaani mbele ya watu, na baadaye habari ya maisha yake ikatengenezwa sinema ambayo mwenyewe alicheza ndani yake.

Sehemu ya juu ya mguu, iungayo unyayo na kigutu, nayo ilitengenezwa kwa vitu vya kawaida. Hapo mwanzo ilikuwa bati la alumini lililofuliwa kwa nyundo na mafundi wa mtaani, watu waliozoea kufua vyombo. Baadaye mafundi walianza kutumia mabomba ya plastiki magumu, ya jamii ile ya mabomba ya kupitishia maji. Bomba hupashwa moto mpaka lilainike, huvikwa juu ya mfano wa kigutu cha mgonjwa, na likipoa hubaki na umbo lake. Kazi iliyochukua siku nyingi huweza kwisha kwa muda mfupi sana.

OFISA ALIYELALA HOSPITALI

Pamoja na ubora wake wote, mguu huo ulikaa miaka saba huku watu waliofaidika nao wakiwa wachache wa kuhesabika. Hapa pana funzo kwa kila mtu afanyaye kazi ya ofisi. Kitu kizuri hakitembei chenyewe. Huhitaji mtu wa kuandika majina, kununua mpira, kuwalipa mafundi, na kumfikishia habari mtu aliye mbali kijijini.

Mtu huyo alikuwa Bwana D. R. Mehta, ofisa wa Serikali ya India. Mwaka 1969 alipata ajali ya motokaa, akavunjika mguu vibaya hata ikahofiwa kwamba huenda ukakatwa. Haukukatwa, lakini alipolala hospitali muda mrefu aliwaona maskini wasiokuwa na bahati kama yake, waliokatwa miguu na kurudishwa makwao bila kitu. Alipopona hakusahau. Mwaka 1975 alianzisha mjini Jaipur chama cha kuwasaidia watu wa namna hiyo, kiitwacho Bhagwan Mahaveer Viklang Sahayata Samiti.

Utaratibu wa chama hicho wastahili kuangaliwa na kila mwenye kukaa nyuma ya dirisha la ofisi. Mgonjwa apokewa saa yoyote afikapo, hata kama ni usiku, kwa kuwa watu wa mbali hawachagui saa ya gari. Haambiwi arudi wiki ijayo. Hupewa mahali pa kulala na chakula, yeye na aliyemsindikiza. Hupimwa, hutengenezewa mguu, hufundishwa kutembea, na baada ya siku chache hurudi kwao kwa miguu yake. Halipi kitu. Chama hutegemea sadaka za watu na msaada wa Serikali. Tangu kianzishwe, hesabu ya watu waliopata miguu, magongo, viti vya magurudumu na vifaa vinginevyo imepita milioni moja.

Mguu wa Jaipur ulivuka mipaka ya India ukafika nchi zilizoharibiwa na vita, kama Afghanistan na Cambodia, ambako mabomu yaliyofukiwa ardhini yamewakata miguu wakulima na watoto wasiokuwa askari. Ulifika Afrika pia, na kambi za kuwafungia watu miguu hiyo zimefanywa katika nchi kadhaa, Kenya ikiwa mojawapo. Daktari Sethi alitunukiwa nishani ya Ramon Magsaysay mwaka 1981, naye alifariki dunia mwaka 2008.

Haifai kuusifu mguu huu kama kwamba hauna dosari. Ni mzito kuliko nyayo nyingine za bandia, na mpira wake huchakaa baada ya miaka michache ya kazi ngumu. Wataalamu wamepata kulalamika pia kwamba katika kambi zenye watu wengi kazi huweza kufanywa kwa haraka, na mguu uliopimwa kwa haraka hukichubua kigutu. Malalamiko hayo ni ya haki. Unyayo ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni lile tundu ambalo kigutu huingia ndani yake, na hilo haliwezi kuwa sawa kwa watu wawili.

Kwa wale waliokatwa juu ya goti, tatizo lilikuwa kubwa zaidi, kwa kuwa goti la bandia lililo imara ni ghali sana. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walishirikiana na chama cha Jaipur wakatengeneza goti la plastiki la bei ndogo, ambalo mwaka 2009 lilitajwa na gazeti la Time miongoni mwa uvumbuzi bora wa mwaka huo.

MAMBO YA HUKU KENYA

Katika Kenya watu hupoteza miguu kwa sababu nyingi, na mbili zajulikana kila wilaya: ajali za barabarani, hasa za pikipiki, na ugonjwa wa sukari, ambao huua hisia za nyayo mpaka kidonda kidogo hugeuka kuoza. Zamani ugonjwa wa polio nao uliwaachia watoto wengi miguu dhaifu. Chama cha kuwasaidia wenye ulemavu wa viungo, kijulikanacho kwa kifupi APDK, kilianzishwa mwaka 1958, na karakana zake zimetengeneza viti vya magurudumu na vifaa vya kutegemeza viungo kwa miaka mingi.

Sheria nayo imesema neno lake. Mwaka 2008 Kenya ilitia muhuri mapatano ya Umoja wa Mataifa juu ya haki za watu wenye ulemavu. Katiba ya mwaka 2010, katika Kifungu cha 54, yasema kwamba mtu mwenye ulemavu ana haki ya kupata vifaa vya kumwezesha kushinda vizuizi vitokanavyo na ulemavu wake. Kwa hiyo mguu wa bandia au kiti cha magurudumu ni haki ya mtu, wala haupaswi kuhesabiwa kuwa hisani ya tajiri siku ya sikukuu.

Lakini haki iliyoandikwa bado iko mbali na mlango wa wengi. Mwaka 2022 Shirika la Afya Ulimwenguni na UNICEF walitoa taarifa yao ya kwanza ya dunia nzima juu ya vifaa hivi. Walisema kwamba watu zaidi ya bilioni 2.5 wahitaji angalau kifaa kimoja, kama miwani, chombo cha kusaidia masikio, kiti cha magurudumu au mguu wa bandia. Na kwamba katika baadhi ya nchi maskini ni watu 3 tu katika kila 100 wenye haja ambao hukipata. Hesabu ya wahitaji itaongezeka kufikia bilioni 3.5 mwaka 2050, kwa sababu watu wanaishi mpaka uzee kuliko zamani. Basi jambo hili si la watu wachache waliopatwa na ajali. Kila ajaliwaye kuishi miaka mingi atafika mlangoni pake.

Hapo ndipo swali la Daktari Sethi lifaapo kuulizwa tena: mtu huyu huishi vipi? Kiti cha magurudumu kilichotengenezwa kwa sakafu ya hospitali, chenye magurudumu madogo mbele, huzama katika tope la Kisii na katika mchanga wa Garissa. Bwana Ralf Hotchkiss, Mmarekani aliyepooza miguu kwa ajali ya pikipiki mwaka 1966, alilijua jambo hilo kwa mwili wake mwenyewe. Tangu mwaka 1980, alipokwenda Nicaragua, aliwafundisha mafundi wa nchi maskini kutengeneza viti vyao wenyewe kwa vyuma vinavyopatikana sokoni, vyenye gurudumu pana la mpira mbele, ili kikivunjika fundi wa baiskeli wa karibu aweze kukitengeneza. Mzee apewaye kifaa kisichotengenezeka kijijini amepewa kitu cha kutumia mpaka siku kiharibikapo, basi.

MAAGIZO MACHACHE YA NYUMBANI

Yako mambo ambayo jamaa waweza kuyafanya bila ya kungoja chama wala Serikali.

Mtu aliyekatwa mguu asilale na mto chini ya goti au paja la upande ule uliokatwa, wala asikae mchana kutwa akiwa amelikunja goti. Kiungo kikikaa kimekunjwa wiki nyingi hukaza, na kikikaza mguu wa bandia hauwezi kufungwa vizuri. Kigutu kioshwe kila siku kwa maji na sabuni, kikaushwe, na kitazamwe kama kina wekundu au mchubuko. Kikichubuka, mguu uvuliwe na mtu arudi kwa fundi aliyeufunga. Asivumilie mpaka kidonda kiwe kikubwa.

Mwenye ugonjwa wa sukari azitazame nyayo zake kila jioni, na kama macho yake ni dhaifu amwombe mtoto amtazamie. Asitembee peku, wala asiote moto karibu na nyayo zisizosikia joto. Kidonda asichokisikia ndicho cha hatari.

Mzee atumiaye mkongojo aupime hivi: asimame wima amevaa viatu vyake, mikono ining'inie, na kichwa cha mkongojo kifike kwenye kiwiko cha kiganja, pale mkono unapokunjika. Mkongojo mrefu humchosha bega, na mfupi humwinamisha. Aushike kwa mkono ulio upande wa mguu mzima, si upande wa mguu mbovu, ingawa wengi hufanya kinyume. Chini ya mkongojo pavikwe kipande cha mpira ili usiteleze. Akipanda ngazi atangulize mguu mzima. Akishuka atangulize mguu mbovu.

Chooni, fundi seremala aweza kutengeneza kwa mbao chache kigoda chenye tundu katikati, na kamba au mti wa kushikia ukutani. Ni kazi ya nusu siku. Lakini kwa mama mzee ambaye hungoja mkwewe arudi kutoka shambani ili amsimamishe, nusu siku hiyo ya seremala yamrudishia heshima ambayo hakuna dawa ya hospitali iwezayo kuirudisha.

Wahenga walisema kwamba kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Mhunzi wa zamani alijua kwamba koleo jipya lazima lifae kwa moto wake na kwa mkono wake. La jirani huenda lisimfae. Hayo ndiyo waliyoyafahamu fundi na daktari wa Jaipur walipokubali kujifunza kwa wagonjwa wao. Yule aliyeketi mbele ya nyumba yake akilitazama shamba haombi kubebwa. Ataka kwenda mwenyewe kuona kama mahindi yamechipua, kisha arudi kutoa shauri lake, nalo lisikilizwe.